Kila saa 6

Mwaka juzi mama mdogo aling'olewa jino, akapewa dawa, na ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha maelezo kwa Kiswahili, jambo la kushukuru kabisa maana dawa nyingi zinakuja na maelezo ya lugha ambayo mgonjwa hawezi hata kuitamka. Kikaratasi kinasema meza kidonge kimoja kila saa 6. Mama mdogo ni mtu wa utaratibu, amefanya ukarani miaka na miaka, ukimwambia saa 6 ni saa 6. Basi saa 6 mchana anameza, saa 6 usiku alamu inalia anaamka anameza anarudi kulala. Siku ya nne shavu limevimba, homa iko palepale, anarudi kwa nesi, nesi anamuuliza mama ulikuwa unakunywaje hii dawa, anamjibu kama ilivyoandikwa, mchana na usiku. Kumbe ilitakiwa mara nne kwa siku.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilipoenda kumwona alinipa kile kikaratasi akaniambia, "Si ndo kazi yako hii mwanangu? Nisomee basi, nimekosea wapi?" Nikasoma mara mbili, mara tatu. Hakukosea popote. Mtu yeyote anayejua kusoma Kiswahili angeweza kuelewa vile alivyoelewa yeye.

Usiku ule nilienda kufungua mafaili yangu ya zamani, maana mi ni mhariri na mambo ya afya yanapita sana mezani kwangu. Nikakuta nimefanya kosa hilohilo mara 3. Na kibaya zaidi, kwenye faili moja mfasiri alikuwa ameandika vizuri tu, "kila baada ya masaa 6", mi ndo niliyemharibia. Nilifuta "masaa" nikaweka "saa" kwa sababu tangu shule ya msingi tumeambiwa saa haina wingi wa ma-, ni ngeli ya I-ZI, saa hii saa hizi, masaa ni maneno ya mtaani. Halafu nafasi ilikuwa ndogo, sentensi inamwagika mstari wa pili, nikabana, "baada ya" ikaondoka. Nikajiona nimesafisha.

Hebu fikiria hao watu wa mtaani wanafanya nini na hilo neno masaa. Kiswahili kina neno saa linalobeba mizigo mingi, saa ya mkononi, saa ya ukutani, saa 6 ya kwenye jua likiwa utosini, na saa 6 kama urefu wa muda. Watu wakaona huu mzigo mkubwa wakaugawa, wakasema "saa sita" ni pale mshale unapofika, na "masaa sita" ni muda unaopita. Hakuna kamati iliyokaa. Waliona haja wakatengeneza. Mi nilikuwa na kanuni kichwani bila sababu yake, nikaja na kufyeka kitu chenye kazi. Sisemi masaa iandikwe kwenye karatasi ya dawa, mpaka leo siandiki, ila nilipoifuta nilitakiwa nijue inafanya kazi gani pale ili kazi hiyo niipe neno lingine.

Hapo ndo nilianza kusoma vitabu vya sarufi kwa moyo wote, miaka 11 baada ya kuanza kazi ya uhariri. Kabla ya hapo nilikuwaga nayo kamusi tu. Kamusi nzuri, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mara ya kwanza 1981 chini ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mi nina toleo la 2004 limeachana mgongo nimelibana na selotepu. Siku hizi naweka na Kamusi Kuu ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ya 2015 pembeni. Lakini kamusi inakwambia neno lipo na maana yake hii, basi. Haikwambii kwa nini, haikwambii likikaa na mwenzake inakuwaje. Nilivyokuwa nafanya kazi zamani ni sawa na fundi mwenye boksi la misumari anayejua jina la kila msumari ila hajawahi kuambiwa mbao inapasukaje.

Ngoja niwape mfano ulionifungua macho, maana huu nauona kama zawadi.

Ofisini kulikuwa na ugomvi wa onesha na onyesha. Wale mnaofanya kazi hizi mnaujua, haujawahi kuisha. Bongo siku hizi ukiandika onyesha kuna mtu atakuja kukusahihisha, anakwambia kitenzi ni ona, ukikifanyia kauli ya kusababisha unapata onesha, hiyo onyesha inatoka kwenye onya, maana yake ni kumfanya mtu aonye. Ukienda Kenya wanaandika onyesha vitabu vizima, mitihani mizima, na wakiona onesha wanashangaa. Sisi tulikuwa na mteja wa Nairobi na mteja wa Dodoma kwa wiki moja, kazi ileile, na kila mmoja anarudisha ukurasa una wekundu. Vijana wawili pale ofisini walifikia hatua ya kutosalimiana. Yaani kwa ajili ya herufi moja.

Sasa mi nilikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Ashton, kile cha 1944, nimekiokota kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kwa bei ya soda mbili, gamba halipo. Nilikuwa sijawahi kukisoma, nilikinunua kwa huruma. Jumamosi moja nikafungua sehemu ya kauli ya kusababisha, nikakaa pale mpaka chai ikapoa. Kumbe zamani Kiswahili kilikuwa na njia nyingine ya kusababisha, siyo -isha na -esha peke yake. Ilikuwa ni kuingiza sauti ndogo tu ya y mwishoni mwa mzizi, na hiyo sauti ikikutana na konsonanti inaibadilisha. Pona, ponya. Gawana, gawanya. Kana, kanya. Ogopa, ogofya. Lewa, levya. Ikikutana na k inageuka sh: waka washa, anguka angusha, kumbuka kumbusha, shuka shusha, amka amsha. Ikikutana na t inaweza kugeuka s: takata, takasa.

Maneno haya nimeyasema maisha yangu yote. Bibi yangu kule Tanga alikuwa anayasema na hakuwahi kukaa darasani siku moja. Na mi mhariri, mwenye meza na kiti cha kuzunguka, sikuwahi kuona kwamba washa na ponya ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Kwa hiyo ona, onya. Onya ni kumfanya mtu aone, aone hatari, ndo maana leo ni kumpa tahadhari. Halafu watu wakaja wakaongeza -esha juu yake, ikawa onyesha, kusababisha juu ya kusababisha, na neno likarudi kwenye maana ya kumfanya mtu aone kwa macho. Ni neno la zamani sana, mishonari Edward Steere alilikuta Unguja na akaliweka kwenye kitabu chake cha 1870. Na onesha nayo ina njia yake halali, ona ukaiwekea -esha moja kwa moja, kama ogopa inavyotoa ogopesha wakati ogofya ipo na hakuna anayezigombanisha. Kwa hiyo wote wawili pale ofisini walikuwa wanasema kweli na wote wawili walikuwa wanamwambia mwenzake mjinga.

Nilipeleka kitabu Jumatatu. Nilisoma kwa sauti nikitafsiri, kwa sababu kiko kwa Kiingereza. Sikutoa uamuzi wowote na hakuna aliyeniomba uamuzi. Mmoja akasema, "Kumbe na kanya imo," akakaa kimya. Mwingine akaanza kutafuta mingine mwenyewe, mpaka saa 7 alikuwa na orodha ya vitenzi 20 na ushee kwenye karatasi.

Hiyo ya kutafsiri kutoka Kiingereza inaniuma lakini, na nitaisema. Sababu za lugha yangu nilizikuta zimeandikwa kwa lugha ya watu wengine kwa ajili ya watu wengine. Mmisionari Krapf alitoa sarufi yake ya Kiswahili 1850 kule Tübingen, Ujerumani, na kamusi yake ikachapwa London 1882 yeye akiwa ameshafariki. Steere aliandika ili wamisionari wenzake waweze kuhubiri. Kamusi za Kiswahili na Kiingereza za Johnson za 1939 zilitoka chini ya ile kamati ya lugha ya nchi nne iliyoanza 1930, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ni kazi kubwa sana na nawaheshimu wote, lakini Mswahili humo ndani yuko kama mtoa habari, anaulizwa hili mnalisemaje, anajibu, jina lake mara nyingi halipo. Ndo maana nikishika vile vitabu vya sarufi vilivyoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, kama ile Sarufi Maumbo ya kina Kihore, Massamba na Msanjila, hata pale ninapoona pagumu, pana istilahi nzito, navumilia kwa furaha. Kuna raha kuona neno mofimu na neno kiambishi vinafanya kazi ndani ya sentensi ya Kiswahili bila kuomba ruhusa.

Na kuna la usanifu wenyewe. Mwaka 1928 Mombasa kulikaliwa mkutano ikapitishwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mombasa! Mji wenye Kimvita chake, Kiswahili cha palepale, wenye washairi kabla hata ya huo mkutano kufikiriwa, Muyaka bin Haji alikuwa anatunga pale mwanzoni mwa karne ya 19. Baada ya hapo mtoto wa Mombasa anayesema ndia badala ya njia, nti badala ya nchi, darasani anakosolewa kwenye lugha ya babu yake. Nimefanya kazi na dada mmoja wa kutoka huko, mhariri mzuri kuliko mimi, aliniambia dada, mi niliogopa kunyoosha mkono darasani miaka minne. Kitabu cha sarufi kikishikwa na mtu mwenye haraka kinafanya hivyo. Kwa hiyo kila ninapofungua chochote najiuliza kwanza hiki kimeandika Kiswahili cha nani.

Chukua hii -aga. Napendaga, naendaga, alikuwaga. Nchi nzima tunaongea hivyo, Kenya wanasema -anga, napendanga. Kwenye vitabu vingi vya shule haimo kabisa, au imo kwenye orodha ya makosa. Lakini ni kiambishi cha Kibantu cha zamani, kipo kwenye Kisukuma na lugha chungu nzima za huku, na kinafanya kazi nzuri, kinasema jambo hili ni mazoea. Kiswahili sanifu kina hu- kwa kazi hiyo, mimi huenda, ila nani anaongea hivyo sebuleni? Mi kwenye mswada wa afya nitaandika hu-, kwenye mazungumzo ya riwaya nikikuta -aga naiacha, na mwandishi akiogopa namwambia usiogope, hiyo ni sarufi.

(Mswada au muswada? Bunge la Tanzania linaandika muswada. Mi naandika mswada. Tutakuja huko.)

Watu wananiulizaga sasa kama nimeingia kwenye sarufi hivi, je mwandishi wa kawaida inamsaidia nini, si lugha anayo tangu kwa mama yake? Anayo, kabisa. Ukimpa mtoto wa miaka minne "kiboko mkubwa amelala" na "kiboko kikubwa kimelala" atajua moja ni mnyama wa mtoni na ya pili ni fimbo iliyotupwa chini. Hakuna aliyemfundisha. Sikio linatosha kwa sentensi fupi. Tatizo linakuja sentensi ikirefuka, kiima kiko mstari wa kwanza na kitenzi kiko mstari wa nne, katikati kumejaa ambayo na ambazo, hapo sikio linachoka na kushika nomino iliyo karibu. "Orodha ya majina ya wanafunzi waliofaulu zimebandikwa." Imebandikwa! Orodha ndo imebandikwa. Au mtu anaandika "katika mezani", "kwenye nyumbani", ameweka mahali mara mbili, na akiisoma mwenyewe haimgongi kwa sababu amechoka. Au anaanza na ningejua halafu mbele anaandika ningalikwambia, amechanganya -nge- na -ngali-. Pale unahitaji kitabu pembeni, kisichochoka, ambacho saa 8 usiku kinasema kilekile kilichosema asubuhi.

Lakini sarufi na kamusi kwa pamoja bado hazikunipa jibu la mama mdogo. Nilitafuta. Sarufi inasema saa ni I-ZI, sawa. Kamusi inatoa maana za saa, sawa. Hakuna hata kimoja kinachoniambia ukiandika maelekezo ya dawa andika hivi. Hicho ni kitabu cha aina ya tatu, mwongozo wa uandishi, na hicho ndo tuna njaa nacho. Tarakimu au maneno, 5 au watano? Asilimia 20 au 20%? Kwa hiyo au kwahiyo? Mwanasiasa, neno moja, au mwana siasa? Saa 2 usiku ya kwetu utaiandikaje kwenye tiketi ya ndege ambayo mashine imeandika 20:00? Vyombo vikubwa vya habari vina taratibu zao za ndani, na BAKITA wanajibu wakiulizwa, lakini mhariri mdogo wa kampuni ya watu wanne anaamua mwenyewe kila siku, na Jumanne anaamua tofauti na Jumatatu.

Wenzetu wa Kiingereza wana vitabu vinene vya namna hii na ukiviona unafikiri vilishuka kutoka mbinguni. Havikushuka. Horace Hart alikuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford, 1893 akachapa kanuni chache kwa ajili ya wapanga herufi wake tu, wale wanaokaa na herufi za madini ya risasi mikononi, ili wasiulize swali lilelile kila siku. Umma ulianza kuuziwa 1904. Ule mwongozo maarufu wa Chicago nao, toleo la kwanza 1906, ulitokana na kanuni za ndani za kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu. Yaani ni madaftari ya kazini yaliyokua. Niliposoma hivyo nilisimama nikaenda dukani kununua daftari la kurasa 200, gamba gumu.

Ukurasa wa kwanza kabisa niliandika saa. "Muda wa siku: saa 6 mchana, usiandike saa 6 peke yake. Urefu wa muda: muda wa saa 6. Dawa: usiandike kila saa. Andika kila baada ya saa 6, halafu taja: asubuhi, mchana, jioni, usiku wa manane, yaani mara 4 kwa siku." Ile ya kutaja vipindi ni wazo la mama mdogo. Nilimpelekea mistari mitatu tofauti niliyotunga, akasema zote zinachanganya mpaka ziseme mara ngapi.

Saivi daftari lina kurasa 61 zilizojaa. Kila uamuzi una sababu chini yake, hiyo ndo sheria pekee niliyoiweka, ukiandika bila sababu mwenzako ana haki ya kufuta. Kwa hiyo, maneno mawili, kwa sababu tunasema pia kwa hilo na kwa hayo, hilo neno "hiyo" ni kionyeshi kinachojitegemea. Ng'ombe, ng'oa, ng'aa, alama ya ritifaa lazima iwe imenyooka au iwe imepinda faili zima, usichanganye, maana ukichanganya mtu akitafuta neno kwenye kompyuta halipatikani. Thamani kwa th, dhamana kwa dh, hapa tumeandika mifano mingi sababu wengi wetu tunazichanganya tukitamka. Rafiki zangu na marafiki wangu, zote sawa, chagua moja kwa kitabu kizima. Mswada, tumeandika kwa penseli, kazi za Bunge ziwe muswada kama wanavyoandika wenyewe. Onesha kwa kazi za Tanzania, onyesha kwa kazi za Kenya, na chini yake ile orodha nzima ya pona ponya waka washa, kwa mwandiko wa yule kijana.

Tulibishana sana kuhusu kila kitu humo na tunaendelea kubishana. Kuna kurasa zimekatwa mistari mara tatu. Sijali, kabla ya daftari tulikuwa tunabishana nani ana kiherehere, siku hizi mtu akija anasema sababu ya ukurasa wa 33 siyo nzuri, na mara nyingine ni kweli siyo nzuri.

Mwezi uliopita nilikuwa safarini Tanga, saa 3 usiku simu inaita, ni binti tuliyemwajiri Januari. Yuko kiwanda cha uchapaji, bango la zahanati, nakala elfu mbili, mashine imeshaanza kupashwa moto. Anasoma kipande cha chini kwa mara ya mwisho anakuta kila saa 8. Faili alilotumiwa na mteja, sisi tulipewa tupange kurasa tu, maneno siyo kazi yetu. Ananiuliza dada, nikisimamisha wataninunia? Nikamuuliza daftari linasemaje. Akasema, "Nimeshawaambia wazime, nilikuwa nakupa taarifa tu."